Samaki Hasafiri Ameshiba

Yule mwanamke alikuwa mwongo. Naanzia hapo kwa sababu ukimtaja Mama Mizani kwa watu wa Nachingwea, wataanza na uaminifu wake na hawatamaliza mpaka chai ipoe. Watakwambia kwamba miaka yote aliyopima korosho ghalani hakuna mkulima aliyepunjwa. Ni kweli. Hata zangu alizipima, na sikupunjwa. Lakini wao walikutana naye ghalani. Mimi niliishi naye ua kwa ua, na ya nyumbani nayajua mimi.

Jina alipewa na kazi. Alikuwa karani wa mizani, na ingawa hakuwa na mtoto, watu walimwita mama kwa heshima. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua za askari, na akizungumza nawe alikutazama kifuani badala ya machoni, nadhani alikuwa anakukadiria uzito. Wazazi wake sikuwaona. Siku moja, akimenya viazi uani, alisema kwamba sura ya mama yake haikumbuki, kisha akaendelea kumenya. Nikaona si la kuuliza zaidi.

Msimu wa korosho ulipofika, magunia yalipanga foleni tangu alfajiri. Tulikuwa na makarani wengine ambao mizani yao ilikuwa inasinzia: mkulima analeta gunia limemvunja mgongo, mizani inasema amebeba pamba. Ya kwake haikusinzia. Wala haikupendelea. Mume wa dada yake alikuja siku moja na korosho alizozilowesha maji ili ziongezeke uzito. Mama Mizani alitia mkono guniani, akautoa, akaunusa.

"Rudisha juani hizi," akasema.

"Hata mimi, shemeji?" yule bwana akauliza, huku watu wanasikia.

"Mizani haina shemeji."

Neno hilo likawa msemo wa mji. Mpaka leo utawasikia watoto wanaogawana miwa wakiambiana kwamba mizani haina shemeji. Basi ungetegemea mtu wa namna hiyo awe mkweli hadi jikoni kwake. Wapi! Akitoka ghalani alikuwa anaivua kweli pamoja na viatu. Mzee mmoja jirani yetu alimletea papai lililooza upande, na yeye akalila mbele yake, akaomba na mbegu akapande. Binti wa mtaa wa pili alishonewa gauni la harusi likambana mpaka akawa anapumua kwa zamu, na Mama Mizani akamwambia hajawahi kuona bi harusi aliyependeza namna ile. Binti akatembea siku nzima amenyoosha shingo kwa furaha. Mimi nilipomuuliza kwa nini anadanganya watu, alinishangaa.

"Nimemdanganya nani? Gauni limepimwa na nani?"

Nilikuwa na Land Rover siku hizo, kuukuu, niliyoiendesha kati ya Nachingwea, Masasi na Ruangwa, nikibeba watu, ufuta na chochote kilichokubali kupakiwa. Mwaka mmoja iliharibika gia nikaipeleka Dar es Salaam. Nikiwa huko, Mama Mizani, aliyekuwa likizo, akanitafuta gereji na kuniambia tutarudi wote, yeye na wageni wake. Nikauliza wageni wangapi, nipange viti. Akasema ni wengi, lakini wote wanaingia kwenye sanduku moja.

Walikuwa samaki. Wekundu, wadogo, wenye mikia mirefu laini, wa kutazama tu. Miaka ile ya tisini hakuna mtu kwetu aliyekuwa amewahi kuona samaki anafugwa sebuleni. Samaki kwetu alifika amekauka, na swali lilikuwa moja tu: nazi ipo?

Nilidhani nitawapakia kama ninavyopakia kuku. Nikapewa masharti mengi kuliko mwali. Kila mfuko wa nailoni ulikuwa na maji kidogo chini na hewa nyingi juu, umefungwa kwa mpira, kwa sababu samaki njiani hahitaji maji mengi, anahitaji pumzi. Mifuko ikalazwa ndani ya sanduku la mbao lililozungushiwa gunia bichi ili lisipate joto. Sanduku lisikae juu ya gurudumu, likae katikati ya gari. Lisifunguliwe, kwani gizani samaki hutulia, na akitulia hewa yake haiishi upesi. Na sharti la juu ya yote, alilolirudia mpaka nikaliota: samaki hasafiri ameshiba. Tangu juzi yake hawakuwa wamepewa kitu.

"Unawatesa," nikamwambia.

"Wewe Dereva tumbo likikushika njiani, si unasimamisha gari? Yeye atamwambia nani? Akila atayachafua maji yake, na hayo hayo ndiyo anayovuta."

Daraja la Rufiji halikuwepo bado. Tulisubiri kivuko pale Ndundu katika jua kali, na yeye akamwaga maji yetu ya kunywa juu ya gunia la samaki. Abiria mmoja, mama mwenye tenga la kuku, akawa anakunja pembe ya gunia achungulie. Mama Mizani akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba humo mna dawa ya mganga, na kwamba ikiona uso wa mtu inamfuata mpaka kwake. Gari zima likasogea. Kuanzia hapo sanduku lilikaa kwa raha kuliko mtu yeyote, mimi mwenye gari nikiwemo.

Kufika Somanga mfuko mmoja ukawa unavuja. Akawahamisha samaki wa mfuko huo kwenye sufuria yake ya chai, akaniamuru nilete pampu ya baiskeli niliyonunua kwa ajili yangu, na nikachuchumaa kando ya barabara nikiwapulizia samaki pumzi kwa mpira wa pampu uliozamishwa majini, taratibu, wasije wakashtuka, huku abiria wameweka mikono viunoni wanatazama dawa ya mganga ikipigwa upepo. Yule mama wa kuku alicheka mpaka akaketi chini. Nilitukana kimoyomoyo. Lakini walifika hai wote, na nakiri hilo halikuwa jambo dogo kwa barabara ile.

Nyumbani kwake tangi la kioo lilikuwa tayari. Hakuwamimina. Aliiacha mifuko ielee juu ya maji ya tangi ikiwa imefungwa vilevile, akasubiri, kisha akawa anaifungua na kuongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi, anasubiri tena, kikombe kingine. Alisema mgeni havutwi mkono mlangoni, anaachwa avue viatu. Mama yangu alikuwa amekuja kutazama gari linashusha nini. Alisimama mlangoni na khanga yake, samaki wa kwanza akatoka mfukoni akaingia tangini, ule mkia ukafunguka. Na hapo ndipo nilipompoteza mama yangu, kwa mzigo nilioubeba mwenyewe kutoka Dar es Salaam.

Mama alitoka Nkowe akaja kuishi nami baba alipofariki. Alikuwa Mmwera wa shamba. Kimwera ndicho alichoota nacho, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Mimi ni mwanawe wa pekee aliyebaki. Nilimjengea chumba chenye dirisha kubwa, nikamtafutia kitanda cha kamba kama alichokiacha. Mke wangu hakuwahi kumjibu vibaya. Lakini tangu siku ya samaki, jua likipinda tu, mama alikuwa anajifunga khanga ya pili na kuvuka ua.

Niliona wivu. Sitalizungushia maneno. Ming'oko ya kwanza ya msimu, mizizi ya porini ambayo nilikwenda kuitafuta mwenyewe mpaka Likunja kwa kuwa mama anaipenda, niliikuta imechemshwa ipo kwenye sahani ya Mama Mizani. Mama alikuwa anasuka mkeka tangu masika, ukili mwembamba, rangi tatu, na mimi kila jioni nilikuwa nautazama unavyorefuka nikijua utatandikwa kwangu. Ulipokamilika ulitandikwa mbele ya tangi. Nilikuja kumwita mama chakula cha jioni nikawakuta wawili wamekaa juu yake, miguu wameinyoosha, na mkeka umewaenea wao tu. Nilisimama mlangoni kama mtu wa kudai. Hakuna aliyesogea.

"Mnazungumza nini siku nzima?" nilimuuliza mama. Yule mwenzake alikuwa Mmakua, Kimwera alikuwa hajui hata salamu.

"Tunatazama," mama akasema.

Nikajaribu na mimi. Nilimnunulia mama redio. Akaisikiliza siku moja kwa adabu, akaniuliza huyo mtu anayeongea humo anakula saa ngapi. Ndivyo alivyokuwa. Kwake kila kitu chenye uhai kilikuwa na njaa mpaka ithibitike vinginevyo. Na Mama Mizani ndiye aliyemzidishia, kwa kule kuwaita wale samaki wageni wake. Mama alilichukua neno kama lilivyo. Akiingia kule aliwasalimu kwanza samaki. Na Mama Mizani naye, ambaye mchana alikaa palepale akatafuna samaki wa ng'onda na ugali bila aibu, alikuwa anageuza kiti kuwapa samaki mgongo, eti wasimwone anachokula. Nikimcheka, mama ndiye aliyekasirika.

Mama Mizani alipohamishiwa ghala la Ruangwa, nilifurahi. Watu walimwaga machozi, mimi nikamwambia gari lipo kabla hajaomba. Ilikuwa masika, barabara imekatika kila mahali, lakini ningembeba hata kwa mgongo. Safari hii samaki waliwekwa kwenye ndoo zenye vifuniko vilivyotobolewa, na siku mbili kabla ya safari mtaa mzima ulitangaziwa: hakuna kuwapa kitu. Mama alikuwepo akisikia.

Asubuhi, tukiwa tunafunga kitanda juu ya gari, nilimwona mama akitoka chumba kilichokuwa na ndoo, anajifuta mikono kwenye khanga. Nilidhani amekwenda kuwaaga.

Tulikwama mara mbili. Tulifika Ruangwa jua limechoka. Mama Mizani hakushusha kitu chochote kabla ya ndoo. Akaziweka kivulini, akainua kifuniko cha kwanza, kisha cha pili. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Samaki walikuwa juu, ubavu ubavu, mikia imelegea. Hakusalia hata mmoja. Akatia mkono mpaka chini akatoa bonge, akalibonyeza kwa vidole. Ugali wa muhogo.

Nakumbuka nilichowaza, na ndicho nilichowaza: sasa wamekosana. Sasa mama yangu anarudi kwangu.

Yeye alimwaga ndoo kwenye mtaro, akasema, "Barabara hii! Mashimo haya yangeua hata ng'ombe."

"Mashimo yana ugali?" nikamuuliza.

"Dereva, mizani ipo ghalani. Hapa si ghalani."

"Lakini uliwakataza watu wote, na mama alisikia."

"Alisikia. Ulitaka afanyeje? Baba yako siku aliyofariki alitoka Nkowe kwenda Mbwemkuru hajala. Aligombana na mama yako asubuhi, akasusa uji. Akarudishwa amebebwa. Mama yako atamwacha nani tena atoke na njaa?" Akanitazama, safari hii machoni. "Hakukwambia?"

Hakuniambia. Nilijua baba alirudishwa amebebwa, nilimpokea mwenyewe. Hilo la uji sikulijua. Miaka yote ile ya kutazama samaki, kumbe katika Kiswahili cha kununulia chumvi mama yangu alikuwa amelisema, na hakulisema kwangu, kwa lugha yetu, chini ya bati langu. Ndugu msomaji, wivu wa ming'oko na mkeka ni wa kitoto. Siku ile nilijua wivu wenyewe.

"Mwambie wamefika salama," akaniagiza.

Sikumwambia. Mama alinisubiri barabarani akaniuliza, nikamjibu, "Utamuuliza mwenyewe atakapokuja," nikaingia ndani. Lakini Mama Mizani hakunisubiri mimi. Wiki haikupita, dereva mwingine akaleta salamu: samaki wamefika, wanamsalimu mama, wanasema ahsante kwa chakula cha njiani. Mama alicheka siku nzima. Na salamu hazikukoma. Kila gari la Ruangwa lilikuja na habari za samaki: wamenenepa, wamezaa, yule mwenye doa jeusi amekuwa mkorofi. Samaki waliomwagwa mtaroni mbele ya macho yangu! Nyingine alinipa mimi nizilete, na mimi nilizifikisha kwa namna yangu. "Mama Mizani anasema samaki hawajambo." Neno "anasema" sikuliacha hata siku moja. Mama hakulisikia.

Baadaye Mama Mizani alinunua wengine, wa kweli. Daraja la Rufiji lilikuwa limekamilika na safari ya Dar imekuwa nyepesi. Nilikwenda kwake mara chache, nikawaona. Ule mkeka ulikuwa palepale mbele ya tangi, rangi zimepauka, na juu yake hakuna aliyekaa.

Miaka ikaenda, mama akaanza kusahau. Kwanza majina ya wajukuu, baadaye njia ya kisimani, baadaye mimi. Sikulijua hilo kwa swali wala kwa kuitwa jina lingine. Nililijua kwa sababu asubuhi moja alinisemesha Kiswahili. "Karibu, bwana," akaniambia, nilipomletea uji. Kiswahili kilikuwa cha kusemea na wageni. Nilisubiri siku ile arudi kwenye Kimwera, na kesho yake, na mwezi ule. Kwa mke wangu nilisema amechoka tu.

Sikumpelekea Mama Mizani habari. Walimpelekea wengine. Alasiri moja gari dogo la kukodi likasimama mbele ya nyumba, akashuka, amestaafu, amepinda kidogo, fimbo mkononi. Sauti ilikuwa ileile. "Dereva, njoo upokee. Si juu ya gurudumu nimewaweka, usinitazame hivyo." Katika kiti cha katikati lilikuwepo sanduku limezungushiwa gunia bichi, na juu yake, umekunjwa, ule mkeka.

Mama alikuwa amekaa barazani. Mama Mizani akatandika mkeka mbele yake, akapiga goti, akamshika mikono. "Mama, mimi nimekuja."

Mama alimtazama kwa upole. "Karibu," akasema. "Wewe ni wa wapi?"

Nitasema kweli ilivyokuwa: kitu kiliruka kifuani mwangu kwa furaha. Hata yeye! Miaka yote hiyo, salamu zote hizo, hata yeye si kitu. Tulikuwa sawa sasa. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipouona uso wake. Mwanamke yule aliyewahi kula papai bovu akaomba na mbegu hakupata hata neno moja la uongo la kujisaidia. Aliachia mikono ya mama, akaomba beseni la maji, akaiacha mifuko miwili ielee ndani yake, akainama juu yake tusimwone.

Mama akasogeza shingo. Samaki wawili wekundu walikuwa wanazunguka ndani ya nailoni. Aliwatazama, na uso wake ukaanza kuingiwa na ile hofu yake ya zamani, niliyoijua kabla sijajua kutembea.

"Wamekula?" akauliza.

Nilimsubiri Mama Mizani ajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Akabaki ameinamia beseni. Mama akatutazama mmoja baada ya mwingine, mikono inapekua pindo la khanga ikitafuta cha kuwapa.

"Wamekula, mama," nikasema. "Walikula kabla ya kutoka. Wameshiba kabisa."

Mikono ikatulia. Mama akashusha pumzi, akamgeukia mgeni wake na kumwonyesha mimi kwa kidevu.

"Kijana ana roho nzuri huyu," akamwambia. "Ni wako?"

Mama Mizani alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akanitazama, kisha akamtazama mama.

"Si wangu, mama. Ni wako. Wa kumzaa wewe. Mimi nilikuwa jirani tu."

Mama alinigeukia. Alinitazama muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kichwani. Kisha akashuka kwenye kiti chake, akakaa juu ya mkeka mbele ya beseni, akasogea upande mmoja akipapasa nafasi iliyobaki, na kwa Kimwera akaniambia nikae.